Watu wa Sunnyvale na Sisi Tunaowatazama

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiwaonyesha ndugu na marafiki tamthilia ya vichekesho ya Kanada iitwayo Trailer Park Boys, na kila mara najikuta nikizitazama nyuso zao kuliko ninavyoitazama skrini. Mwanzo wao unafanana. Mtu hukunja uso, huuliza kama matusi haya yataendelea hivi hivi mpaka mwisho, na ikiwa kuna mtoto au mtu mzima wa kuheshimiwa chumbani, mkono wake huanza kutafuta rimoti. Nikimsihi avumilie kidogo, akakubali kwa kunistahi tu, hufika wakati, mara nyingi katika sehemu ya tatu au ya nne, ambapo uso uleule hulegea bila mwenyewe kujua, na mtu aliyekuwa akiuliza itakwisha lini huanza kuuliza kama yule kijana mwenye miwani minene atapata chakula cha paka wake. Wengine hawafiki hapo kamwe, nao wana sababu ambazo nazichukulia kwa uzito. Lakini hao wanaofika wamenifanya niamini jambo moja: ufedhuli wa tamthilia hii na upole wake si vitu viwili vilivyochanganywa ili kimoja kipunguze ukali wa kingine. Upole ule unaaminika kwa sababu unatoka katika vinywa visivyojua kupamba neno.

Kwa asiyeijua, tamthilia hii ilibuniwa na Mike Clattenburg na ilianza kuonyeshwa mwaka 2001 katika kituo cha Showcase nchini Kanada, ikaendelea kwa misimu 7 hadi mwaka 2007. Inajifanya filamu ya hali halisi. Kundi la wapiga picha linawafuata wakazi wa Sunnyvale, kambi ya kubuni ya nyumba za tela katika jimbo la Nova Scotia, ambako watu huishi katika nyumba nyepesi zilizoletwa zikikokotwa na kupangwa safu safu katika kiwanja cha kukodi. Julian ndiye mwenye mipango, na mkononi ana gilasi ya ramu na koka isiyomwagika hata gari likipinduka. Ricky, rafiki yake tangu utotoni, hulima bangi na mara kwa mara hulala ndani ya Chrysler New Yorker ya mwaka 1975 iliyokosa mlango mmoja. Bubbles anaishi katika kibanda pamoja na paka wengi, na riziki yake ni kuokota toroli za dukani zilizotelekezwa, kuzitengeneza na kuyauzia tena maduka. Dhidi yao yuko Jim Lahey, msimamizi wa kambi, polisi wa zamani aliyefukuzwa kazi na ambaye pombe imemshika, akiwa na msaidizi wake Randy, mwanamume mwenye kitambi asiyevaa shati. Karibu kila msimu mpango mkubwa husukwa, huharibika, na wenyewe hurudi gerezani.

Nianze na matusi, kwa kuwa huo ndio mlango ambao wengi hawauvuki. Neno chafu lina uzito wake, na mtu asiyetaka kulisikia nyumbani mwake hana sababu ya kuomba radhi. Hata hivyo, ukikaa na tamthilia hii kwa muda wa kutosha, unatambua kwamba katika kinywa cha Ricky tusi halifanyi kazi ya tusi. Linashika nafasi ya pumzi na ya kituo katika sentensi. Analitumia kumsalimu rafiki, kuilalamikia injini, hata kumsifu binti yake. Maneno yanayoumiza pale Sunnyvale ni mengine kabisa, na mara nyingi ni masafi. Unaweza kumtukana Ricky kuanzia asubuhi hadi usiku asijali; lakini mguse juu ya malezi ya binti yake Trinity, na utamwona akijitetea kama mtu aliyepandishwa kizimbani. Tamthilia hii ilipoonyeshwa Marekani kupitia BBC America, matusi yalifunikwa kwa mlio, na nadhani waliofanya hivyo, pamoja na nia yao njema, waliifanya iwe chafu zaidi. Mlio humwambia msikilizaji kwamba hapa pamesemwa jambo baya. Ricky mwenyewe hajui kwamba amesema jambo baya, na kutojua huko ndiko kunakomfanya avumilike.

Kuna tukio la msimu wa nne ambalo limeleta mabadiliko kwa watazamaji wengi niliokaa nao. Ricky amefikishwa mahakamani na ameamua kujitetea mwenyewe bila wakili. Anasimama, anajaribu kuzungumza kwa lugha ya mahakama, na anashindwa. Maneno yanamkwama, mikono haijui ikae wapi. Ndipo anapomwomba hakimu ruhusa ya kuvuta sigara na kutukana wakati akijieleza, kwa sababu pasipo hayo hataweza kusema alichokusudia, na kama kawaida yake anaitetea hoja hiyo kwa sheria aliyojitungia mwenyewe. Ombi linakubaliwa. Kuanzia hapo maneno yanatiririka. Wanaocheka hapo, na sijaona asiyecheka, wanacheka kwa furaha ya aina ya pekee, ileile tunayoipata mtu aliyenyamazishwa anapopata upenyo. Nani hajawahi kusimama mbele ya meza ya mwenye mamlaka akijua haki yake kikamilifu lakini hana lugha ambayo meza ile inaikubali? Ricky ameomba aruhusiwe kutumia lugha yake mwenyewe, basi.

Nilitumia neno upenyo kwa makusudi, maana tamthilia nzima imejengwa kwa picha za kuchungulia. Kamera inatetemeka, inachelewa kumpata anayesema, inakimbia nyuma ya watu wanaokimbia. Hakuna kicheko kilichorekodiwa cha kumwongoza mtazamaji, na kwa hiyo watu wawili walioketi kwenye kochi moja wanaweza kucheka mahali tofauti kabisa, kila mmoja akimshangaa mwenzake. Jambo hili dogo la ufundi ndilo linaloifanya tamthilia hii ifae sana kutazamwa na watu wengi pamoja: kicheko cha kila mmoja kinamtaja mwenyewe.

Baba yangu mdogo aliwahi kuingia chumbani tukiwa katikati ya sehemu mojawapo ya msimu wa kwanza, bila mtu kumweleza tunachotazama. Alisimama nyuma ya kiti karibu robo saa akidhani ni habari ya kweli. Watu wazima katika skrini walikuwa wakigombana kwa sauti, na binti ya Ricky alikuwa amesimama kando yao. Baba mdogo hakucheka hata kidogo. Aliuliza kwa hasira, "Na hawa wenye kamera, hawana mikono? Kwa nini hawamwondoi yule mtoto hapo?" Tulimweleza kwamba wote ni waigizaji, mtoto akiwemo. Akaketi, akatazama dakika kadhaa nyingine, kisha akasema, "Hata kama ni maigizo, aliyeshika kamera yumo."

Sijasikia maelezo bora zaidi ya mtindo huu wa vichekesho. Katika kichekesho cha kawaida, mtazamaji huketi mahali pasipoonekana, na wahusika wanaishi kana kwamba hayupo. Hapa wahusika wanajua kwamba wanatazamwa. Wanaigeukia lenzi na kujieleza, wanawafukuza wapiga picha, wanawaomba msaada, na mara nyingine wapiga picha wenyewe wanakumbwa na fujo walizokuja kuzirekodi. Bubbles akiketi mbele ya kamera na kueleza kwa sauti ya chini kwamba anaogopa rafiki zake watarudishwa gerezani na kumwacha peke yake, hazungumzi na hewa. Amemwamini mtu aliyeshika kamera, na mtu huyo, kwa jinsi picha ilivyopangwa, ni mimi. Nikimcheka baada ya hapo, nimemcheka mtu aliyeniambia siri yake. Ndiyo maana watu walioanza kwa dharau hulainika hata kabla ya kuelewa ni nini kilichowalainisha: walikuwa wamejiandaa kutazama viumbe wa ajabu, na viumbe hao wakawageukia na kuzungumza nao kama jirani.

Pingamizi zito kuliko yote nililipata kwa dada yangu mkubwa, ambaye hakujali matusi hata kidogo. Baada ya kutazama sehemu mbili alinigeukia akasema, "Mdogo wangu, niambie ukweli. Hawa watu wangekuwa na fedha, ungecheka?"

Nilitaka kumjibu papo hapo, nikaona sina jibu. Swali lake ni swali ambalo kila mtazamaji wa haki anapaswa kulibeba, maana kuna vichekesho vingi sana duniani vilivyojengwa juu ya meno mabovu, lafudhi na nguo za watu maskini, vikiwaalika walioshiba kujipongeza. Sunnyvale ina kila kitu kinachoweza kutumiwa hivyo. Kuna nyumba zenye madirisha yaliyozibwa kwa plastiki, kuna baba mzima anayelala garini, kuna Ray, baba wa Ricky, anayejifanya kilema katika kiti cha magurudumu ili apate malipo. Mtu akitaka kudharau, hatakosa cha kudharau. Nami najua kwamba wapo wanaoipenda tamthilia hii kwa sababu hiyo hiyo, wanaovaa kama Ricky kwenye sherehe zao na kuiga namna anavyosema, na ambao wangevuka barabara kama wangemwona mtu wa namna ile akija mbele yao. Siwezi kuwatetea, na siwezi kudai kwamba tamthilia imewazuia.

Hata hivyo, baada ya kufikiri kwa muda mrefu nilimrudia dada na majibu niliyoyapata. Jibu la kwanza lilihusu walioitengeneza. Kisa hiki kilianza kama filamu fupi mwaka 1998, kikafuatiwa mwaka 1999 na filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, vyote vikiwa kazi ya watu wa pwani ile ile ya mashariki ya Kanada. Robb Wells anayemwigiza Ricky na John Paul Tremblay anayemwigiza Julian walikuwa na biashara ya kuuza pizza katika Kisiwa cha Prince Edward, na Mike Smith anayemwigiza Bubbles alikuwa mpiga gitaa katika bendi iitwayo Sandbox. Hawakutoka mji mkuu na kamera kwenda kuwashangaa watu wa mikoani. Walikuwa wakiigiza sauti walizokua nazo masikioni.

Jibu la pili lilikuwa na maana zaidi kwangu. Katika Sunnyvale hakuna mtu tajiri mwenye busara anayewekwa kando ili awe kipimo cha upungufu wa wengine. Wanaokuja kutoka nje ya kambi, wenye suti au vyeo, mara nyingi ni wadanganyifu au ni watu wasiojali, na wakazi wa kambi hawawaonei wivu. Ndoto za Julian na Ricky zinashangaza kwa udogo wake. Wanataka kustaafu wakiwa na umri wa miaka 35, wawe na pesa za kutosha kulipia kodi ya kiwanja, sigara na chakula, na waendelee kuishi palepale, mlango kwa mlango, na watu walewale. Hakuna anayeota kuhama. Nimetazama vichekesho vingi juu ya watu maskini, na karibu vyote humfanya maskini achekeshe kwa kumuiga tajiri au kwa kutamani kuwa yeye. Hapa kinachochekesha ni upana wa balaa wanaloliita juu ya vichwa vyao kwa ajili ya kulinda maisha ambayo mtu mwingine angeyakimbia.

Dada alinisikiliza mpaka mwisho. Alikubali la pili, la kwanza akaliacha njiani, akisema kwamba mtu anaweza kuwadhihaki hata watu wa kwao, na nadhani ana haki. Nilichokiona mimi ni kwamba hakucheka Ricky alipolala garini, na hajacheka hapo mpaka leo. Lile tukio la mahakamani ndilo lililomfanya ashike mbavu. Hakuwa amebadili msimamo wake. Alikuwa amechagua mahali pa kuchekea, na nimekuwa nikimfuata tangu wakati huo, nikijikagua kila ninapocheka mahali ambapo yeye angenyamaza.

Ipo furaha nyingine ambayo watazamaji wa Kiswahili wenye kujua Kiingereza kidogo hukosa mwanzoni, nayo ni namna Ricky anavyoiharibu lugha. Methali na misemo humfikia kwa sikio tu, kwa kuwa shule hakukaa sana, na yeye huitoa tena ikiwa imegeuka kitu kipya. Panapotakiwa neno la kueleza hali mbaya zaidi inayoweza kutokea, yeye huweka jina la jimbo la Ontario, kwa sababu sauti zinakaribiana. Waingereza husema jambo rahisi si sayansi ya roketi. Ricky husema si vyombo vya umeme vya roketi. Maji yaliyopita chini ya daraja, kwake yamepita chini ya friji. Kuyatafsiri hayo moja kwa moja ni kuyaua, kwa hiyo ninapowaeleza watu hujaribu kuwapa mfano wa kwetu: fikiri mtu anayekuambia kwa uhakika wote kwamba haraka haraka haina baraza, au kwamba mtaka cha uvunguni sharti anawe. Ubora wa makosa hayo ni kwamba maana bado ipo, na wakati mwingine imeongezeka. Mwenye haraka kweli hapati muda wa kuketi barazani. Ndivyo ilivyo kwa Ricky pia, na ndiyo sababu rafiki zake hawamsahihishi mara nyingi. Wanaelewa alichokusudia na mazungumzo yanaendelea. Nimeliona jambo hilo kuwa mojawapo ya alama kubwa za upendo katika tamthilia nzima, ingawa si rahisi kuligundua kwa kutazama mara moja. Watu wanaompenda mtu humsikiliza anachokusudia.

Juu ya Bubbles sitasema mengi, kwa kuwa kumpenda ni rahisi na kila mtu humpenda. Macho yake makubwa nyuma ya zile lenzi, paka zake, upweke wa mtu aliyeachwa na wazazi akiwa mdogo, vyote vinamvuta mtazamaji bila kumgharimu chochote. Ninamwambia kila anayeniuliza kwamba kumpenda Bubbles ni darasa la kwanza. Kumpenda Ricky kunahitaji subira. Anayebaki ni Lahey.

Kuna mtazamaji mmoja ambaye siwezi kumshinda kwa hoja, naye ni yule aliyewahi kuishi na mlevi. Nilikuwa mmoja wao. Mjomba wangu, ambaye sasa ni marehemu, alikunywa kwa miaka mingi, na nilimfahamu katika hali zake zote mbili. Alipokuwa mzima alikuwa mtu mkimya, mwenye haya, asiyemaliza sentensi. Akilewa, lugha yake ilifunguka ikawa fasaha kama ya mhubiri. Alinukuu, alitabiri, alitoa hukumu, huku akishikilia ukuta asianguke. Basi mara ya kwanza nilipomwona Lahey akisimama barazani na chupa mkononi, akitabiri kwa sauti nzito kwamba upepo wa kinyesi unavuma na mwewe wa kinyesi wanazunguka angani, wenzangu wote walicheka na mimi nikazima. Sikueleza kwa nini. Ilinichukua miezi kadhaa kuirudia.

Kilichonirudisha ni Randy. Nilikuwa nimesikia rafiki akieleza jinsi Randy anavyombeba Lahey akilewa, na nilitaka kuona kama wameigiza hilo kwa mzaha. Wameigiza kwa mzaha, ni kweli. Watu wote wawili wanaanguka, suruali zinateleza, meza zinavunjika. Lakini Randy, ambaye pamoja na kuwa msaidizi wa Lahey ni mpenzi wake pia, jambo ambalo wakazi wa Sunnyvale wamelizoea kama walivyozoea mengine yote, anamwita Bwana Lahey hata wakiwa wawili peke yao. Anaficha chupa, anamsihi, anakasirika na kuondoka, na kisha anarudi, na anaporudi bado anasema Bwana Lahey. Mama yangu alikuwa akimwita mjomba "Kaka" kwa heshima ileile, bila kupunguza hata sauti, usiku alipokuwa akimvua viatu vyenye matope. Sikuwa nimewahi kuliona jambo hilo nje ya nyumba yetu. Kumbe kuna mtu katika Nova Scotia aliyekuwa amelijua kiasi cha kuliweka katika kichekesho, na kuliweka bila kulieleza, likapita haraka kati ya tusi moja na jingine.

John Dunsworth, aliyemwigiza Lahey, alizaliwa mwaka 1946 na alikuwa mtu wa jukwaa katika jimbo la Nova Scotia kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Mbali na kuigiza, alifanya kazi ya kuwatafutia watengenezaji filamu waigizaji wanaofaa. Binti yake Sarah Dunsworth naye amo katika tamthilia hiyo. Wanaomfahamu wamesimulia mara nyingi kwamba hakuwa mnywaji. Ulevi wa Lahey ulikuwa ufundi wake wa mwili na sauti: namna anavyochelewa kidogo kuelekeza macho, namna shingo inavyokuwa nzito kabla ya miguu kulegea, namna anavyotamka kila herufi kwa uangalifu wa mtu anayevuka mto juu ya gogo. Mlevi wa kawaida wa vichekesho hupepesuka na kubabaika maneno. Dunsworth alikuwa amegundua kwamba mlevi mzoefu hujitahidi kwa nguvu zote aonekane mzima, na juhudi hiyo ndiyo inayosikitisha na kuchekesha kwa wakati mmoja. Alifariki tarehe 16 Oktoba 2017, akiwa na umri wa miaka 71, na msimu wa 12 uliotoka mwaka 2018 bado una Lahey ndani yake. Siku niliposikia habari za kifo chake nilimpigia mama simu, ingawa mama hajawahi kumwona Lahey wala kulisikia jina hilo. Tulizungumza mambo ya kawaida tu.

Misimu ile ya baadaye imewagawa watazamaji, na sitaki kukaa sana hapo. Mwaka 2013 waigizaji wakuu watatu walizinunua haki za tamthilia, na kuanzia mwaka 2014 misimu mipya ikawa ikitoka kupitia Netflix, bila Clattenburg aliyeibuni. Wako wanaosema ni ileile, na wako wanaosema roho yake imeondoka. Mimi niko karibu zaidi na hao wa pili, kwa sababu moja: uchafu umeongezeka lakini zile nafasi za ukimya, ambapo mhusika alikuwa akibaki na kamera baada ya fujo na kusema jambo alilokuwa amelificha, zimepungua. Ufedhuli bila nafasi hizo huchosha haraka. Anayeniuliza pa kuanzia humwelekeza kwenye misimu ya mwanzo, na kwenye sehemu maalumu ya Krismasi ya mwaka 2004.

Hiyo ya Krismasi niliitazama na shangazi yangu, dada wa baba, mwanamke mcha Mungu ambaye nisingethubutu kumwonyesha kama asingekuwa ameniomba mwenyewe, baada ya kusikia watoto wakiizungumzia. Kisa chake kinarudi nyuma hadi mwaka 1997, kabla ya msimu wa kwanza. Ricky ametoka gerezani, na anapata taabu ya kweli kuelewa Mungu na Baba Krismasi wanahusiana vipi, na ni nani kati yao anayemwomba nani. Shangazi alitikisa kichwa tangu mwanzo. Hakutoka, lakini kila baada ya dakika chache aliguna, na mimi nilikuwa nimejikunja upande wangu wa kochi, nikijuta kwa nini sikumpa udhuru.

Mwishoni Ricky anaingia kanisani usiku, katikati ya ibada, akiwa amelewa na sigara mkononi, na anaanza kuzungumza na waumini waliogeuka kumtazama. Nilikuwa nimeitazama mara nyingi, kwa hiyo nilijua yaliyokuwa yanakuja. Angewaambia kwamba ametoka gerezani ambako hakuna zawadi, hakuna taa, hakuna mti, na kwamba huko watu huketi tu na wenzao. Kwamba huku nje amewakuta watu wakikimbizana na kugombana kwa sababu ya vitu. Na kwamba kwake yeye Krismasi ni kuwa pamoja na watu unaowapenda, mkilewa na kuvuta bangi pamoja. Angeyasema hayo ndani ya kanisa, kwa maneno yake, hakuna hata moja lililosafishwa. Niliona mdomo wa Ricky ukifunguka, nikachukua rimoti kupunguza sauti kwa heshima ya shangazi.

"Mwache amalize," akasema, bila kuyaondoa macho kwenye skrini.

Nikaiweka rimoti chini.